Mataruma ya Nyumba Iendayo: Historia ya Tela la Gurudumu la Tano

Mwaka 1928, katika mji wa Opa-locka ulioko kusini ya jimbo la Florida nchini Marekani, Glenn Curtiss, mtu ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuenea duniani kwa sababu ya ndege alizounda na kuzirusha, alianza kutengeneza chombo ambacho hakikuwa ndege wala motokaa wala nyumba, bali kilitwaa kitu kutoka katika kila kimoja cha hivyo vitatu. Lilikuwa sanduku refu lenye madirisha, vitanda na jiko, lililobebwa nyuma na magurudumu, na mbele yake ikatoka shingo iliyopanda juu na kuja kulalia ndani ya sehemu ya nyuma ya motokaa iliyolivuta. Curtiss alilipa jina la Aerocar. Walioweza kulinunua walikuwa matajiri, tena si wengi, na yeye mwenyewe alifariki mwaka 1930 kabla hajaona chombo chake kimefika wapi. Lakini mtu yeyote atakaye leo kupambanua tela zuri na tela baya katika jamii ya yale yaitwayo ya gurudumu la tano hana budi kuanza kwake, kwa kuwa masuala yote ampasayo mnunuzi kuyauliza, Curtiss alikwisha kuyauliza mbele ya meza yake ya kazi.

Gurudumu lenyewe la tano ni la kale kuliko motokaa. Magari ya farasi yenye magurudumu manne yalitiwa pete ya chuma iliyolazwa bapa juu ya ekseli ya mbele, ili ekseli ipate kugeuka konani bila kulipindua sanduku la abiria, na pete hiyo ikahesabiwa pamoja na magurudumu mengine ingawa haikugusa ardhi kamwe. Motokaa zilipokuja pete hiyo ikakosa kazi kwa muda, kisha ikapata kazi kubwa kuliko ya kwanza. Mwaka 1914 mhunzi mmoja wa Detroit, August Fruehauf, aliombwa na mfanyabiashara wa mbao, Frederic Sibley, amtengenezee chombo cha kupeleka mashua yake ziwani nyuma ya Ford Model T, naye akamtengenezea tela. Sibley akalipenda hata akaagiza mengine ya kuchukulia mbao, na kutoka hapo ikazaliwa biashara ya malori yavutayo matela. Msomaji aliyesimama kando ya barabara kuu itokayo Mombasa au Dar es Salaam kwenda bara ameviona mara nyingi viungo vya malori hayo, warithi wa pete ile ya kale: bamba pana lililopakwa grisi nyuma ya kichwa cha lori, na pini nene ya chuma itokayo chini ya tela na kuingia katika taya za bamba hilo.

Alilolifanya Curtiss ni kukichukua kiungo cha mizigo na kukifanya kiungo cha watu wanaolala. Badala ya chuma kusagana na chuma, aliweka ndani ya motokaa gurudumu lenye tairi la upepo, akalilaza chali, ili pini ya tela iingie katikati yake na hewa ya tairi iyameze matikisiko ya barabara kabla hayajafika vitandani. Aidha alijua faida ambayo wauzaji wa leo wanaitaja kwa haraka bila kuieleza. Tela la kawaida hufungwa nyuma kabisa ya gari, mbali na ekseli, na upepo mkali au lori lipitalo kwa kasi laweza kulifanya litikise mkia na kulivuta gari pamoja nalo. Lakini tela la shingo huuweka mzigo wake juu ya ekseli ya nyuma, au mbele kidogo ya ekseli hiyo, na kwa hiyo huweza kumpa mvutaji takriban robo au moja ya tano ya uzani wake wote bila kuuinua upande wa mbele wa gari, ilhali tela la kawaida humpa sehemu kumi hadi kumi na tano tu katika mia. Ndiyo sababu nyumba zilizo ndefu na nzito kuliko zote zivutwazo na watu wasio madereva wa malori ni nyumba za shingo.

Lakini zaidi ya kiungo ulikuwapo mwili wenyewe, na hapa ndipo ninapomstahi Curtiss kuliko mahali pengine popote. Seremala wa nyumba hujenga kwa ajili ya mzigo ushukao chini: paa huilemea boriti, boriti huulemea ukuta, ukuta huulemea msingi, na mambo yakatulia hapo miaka mia. Muunda ndege hana utulivu huo, maana chombo chake husukumwa na kupindwa kutoka pande zote, na kila ratili isiyo na kazi humgharimu. Curtiss aliunda kiunzi chepesi cha mbao, akakikaza kwa nyaya za chuma zilizopishana mshazari na kuvutwa kwa skrubu kama katika mwili wa ndege za siku zile, ndipo sanduku likawa jepesi nalo halikuregea. Alikuwa amefahamu kwamba nyumba iendayo barabarani hupatwa kila siku na tetemeko la ardhi na dhoruba kwa pamoja, na kwamba mwenye kuijenga kama nyumba ya kawaida hujenga kitu kitakachojifungua chenyewe msumari baada ya msumari.

Njia ya pili ya sanaa hii ilianzia mahali pa unyenyekevu zaidi. Mwaka 1929 Arthur Sherman, mtaalamu wa elimu ya vijidudu aliyeishi Detroit, alitoka na jamaa yake kwenda kupumzika, nao wakawa na tela la hema alilolinunua kwa ahadi kwamba hufunguka kwa dakika chache. Mvua ikanyesha, hema halikufunguka kama lilivyoahidiwa, nao wakalowa. Sherman akarudi akaagiza sanduku gumu, lenye kuta za mbao za kubanwa ziitwazo Masonite, lisilohitaji kukunjwa wala kukunjuliwa, na watoto wake wakaliita Covered Wagon kwa kukumbuka magari ya turubai ya walowezi wa kale. Mwezi Januari 1930 alilipeleka katika maonyesho ya motokaa ya Detroit, akashangazwa na wingi wa wanunuzi, na kufikia mwaka 1936 kiwanda chake kilikuwa kimevipita vingine vyote vya nchi ile. Hiyo ndiyo miaka ambayo Roger Babson, mtabiri mashuhuri wa mambo ya uchumi, alitangaza kwamba nusu ya Wamarekani wangekuwa wakiishi katika matela baada ya miaka ishirini. Utabiri haukutimia, lakini uliwavuta watu wengi wenye nyundo na mtaji mdogo kuingia katika kazi ambayo hawakuijua.

Tangu hapo pakawa na madhehebu mawili, na kila tela liuzwalo leo laweza kutambuliwa ni la lipi. Sherman, nami simlaumu, aliyatatua matatizo ya mvua, bei na nafasi, kwa vitu vilivyopatikana katika duka lolote la mbao. Dhehebu la Curtiss liliendelea mikononi mwa watu wa ndege. Hawley Bowlus, aliyesimamia ujenzi wa ndege ya Charles Lindbergh, Spirit of St. Louis, alitoa mwaka 1934 tela lililofunikwa mabati ya alumini yaliyoshikwa kwa ribiti. Kampuni yake haikudumu, lakini Wally Byam aliushika ubunifu ule, akaurekebisha, na mwaka 1936 akauza Airstream Clipper kwa dola 1,200, wakati ambao tela la Sherman lilipatikana kwa mamia machache tu. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja alumini ikaenda katika ndege na Byam akaenda kufanya kazi katika viwanda vya ndege. Vilipokwisha, baadhi ya viwanda hivyo vikawa na mafundi bila maagizo, na kampuni ya Spartan ya Tulsa, mali ya J. Paul Getty, ikageuka kutoka katika mabawa kwenda katika nyumba za matela, zenye ngozi ya alumini ibebayo mzigo pamoja na kiunzi chake.

Byam alikuwa na desturi ambayo natamani kila muunda tela angelazimishwa kuifuata. Alivichukua vyombo vyake, pamoja na wateja waliovinunua, akavipeleka mahali palipokuwa na barabara mbaya kuliko zote alizoweza kuzifikia, ili avione vikivunjika mbele ya macho yake. Mwaka 1951 aliongoza msafara kwenda Mexico na Amerika ya Kati, na mwaka 1959 akaongoza mwingine wa matela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, uliopita katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ukavuka kaskazini ya Kenya na kuingia Ethiopia. Wazee waliokuwapo wakati huo katika njia ile wajua ilikuwaje kaskazini ya Nairobi: mawe, vumbi, na makorongo ambayo mvua moja huyageuza kuwa mito. Mataifa yaliyoutazama msafara huo yaliona fahari ya watu wenye fedha. Muunda tela mwerevu aliona springi zilizokatika, viungo vilivyopinda na milango isiyofunga tena, akaandika kila kimoja, na tela la mwaka uliofuata likawa limejifunza. Byam alikufa mwaka 1962, na kwa ujuzi wangu hakuna kiongozi wa kampuni kubwa ya biashara hii aliyewahi kuifanya Afrika kuwa karakana yake ya majaribio kwa namna ile tena.

Katika muda huohuo biashara ilikuwa imepata makao yake makuu Elkhart, katika jimbo la Indiana, ambako tangu miaka ya 1930 kiwanda kilizaa kiwanda. Palikuwa na reli, palikuwa na mbao, na katika mashamba ya jirani palikuwa na Waamishi, watu wa dini wasiomiliki motokaa, lakini wenye mikono hodari ya useremala, ambao hata leo ni sehemu kubwa ya mafundi wa viwanda vile. Mahali hapo, pamoja na vitongoji vyake, ndipo patokapo zaidi ya nne katika kila tano ya magari ya safari yaundwayo Amerika ya Kaskazini. Mafundi aghalabu hulipwa kwa kadiri ya vyombo wanavyovimaliza. Huanza kazi kabla ya jua kuchomoza, na mgao wa siku ukitimia huenda zao nyumbani. Sisemi kwamba mtu alipwaye hivyo hufanya kazi mbaya, kwani wengi wao ni mastadi wa kweli. Nasema kwamba mpango ule huulipa mwendo wa haraka, nao haumlipi yule aliyesimama dakika tano zaidi kuijaza gundi katika pembe ambayo hapana atakayeiona.

Tela la shingo lilirudi kwa nguvu pale pikapu ilipoacha kuwa gari la mkulima peke yake na kuwa gari la jamaa nzima, katika miaka ya 1960 na 1970. Kiungo kikafungwa katika kitanda cha pikapu, shingo ikapanda juu yake, na nafasi iliyo juu ya shingo ikawa chumba cha kulala kinachofikiwa kwa ngazi fupi. Mafuta ya petroli yalipokuwa ghali mwaka 1973 viwanda vingi vilifungwa, na vilivyobaki vikajifunza kushindana kwa jambo ambalo mnunuzi aliliona mara tu alipofungua mlango, yaani sura ya ndani.

Hapa sina budi kuingia ukutani, maana ndimo historia ilimofichwa. Ukuta wa dhehebu la Sherman, katika sura yake ya leo, ni kiunzi cha miti myembamba, katikati yake mmetiwa sufi ya kuzuia joto na baridi, na nje yake mabati ya alumini yenye mikunjo. Ni wa bei nafuu, na bati moja likiharibika huondolewa na kuwekwa jingine. Lakini mvua ikipenya juu, miti huoza kimya kimya huku bati likibaki linang'aa. Ukuta wa pili ni wa tabaka zilizogandishwa: kiunzi cha alumini kilichounganishwa kwa moto, povu gumu lililojaza nafasi zake, plaiwudi nyembamba, na juu yake ngozi laini ya faibaglasi, vyote vikabanwa pamoja kwa gundi hata vikawa kitu kimoja. Ukuta huu ni mwepesi, mgumu na mzuri kutazamwa, nao una adui mmoja tu, maji, ambayo yakipata njia kandokando ya dirisha au taa huiachanisha gundi na plaiwudi, na ngozi ya nje huvimba mapovu ambayo hakuna fundi awezaye kuyarudisha kwa gharama ndogo. Yule anayelinganisha matela mawili na kuambiwa kwamba hili ni bora kwa kuwa lina faibaglasi amepewa nusu ya habari. Nusu ya pili imo katika kona, katika maungio ya paa na ukuta, na katika aina ya plaiwudi iliyofichwa chini ya ngozi. Fundi wa majahazi wa Lamu hakuuliza rangi ya chombo kabla hajaingia ndani na kuyagonga mataruma, nami sioni kwa nini nyumba iendayo kwa kasi ya maili sitini kwa saa istahili uchunguzi mdogo kuliko huo.

Paa nalo lina habari yake. Lilikuwa la bati, kisha likawa la utando wa mpira au wa plastiki uliogundishwa juu ya mbao, na kila bomba, kila tundu la hewa, kila kifuniko kilichotobolewa hapo huzibwa kwa lahamu laini ambayo jua huikausha na kuipasua. Kwa hiyo paa la tela huhitaji kupandwa na kukaguliwa kila mwaka kwa muda wote wa maisha yake. Na chini, tela la shingo lina mahali pake pa hatari ambapo ndugu zake wengine hawana: pale shingo inapokutana na sanduku. Nguvu yote ya kuvuta, kufunga breki na kurukaruka hupita katika pembe ile, na chesisi ikiwa nyembamba au ikiunganishwa vibaya hupinda kidogo kidogo kila safari, hata ukuta wa mbele ukapasuka kandokando na milango ya makabati ikaanza kufunguka yenyewe. Tela kubwa la siku hizi lina urefu wa futi 35 hadi 42, na uzani wa ratili 12,000 hadi 16,000. Curtiss hangeliamini, lakini hangeliona jambo la kushangaza kwamba pembe ile ndiyo inayolalamika.

Mwaka 1990 kampuni ya Newmar ya Nappanee, karibu na Elkhart, ilileta katika magari ya safari vyumba vinavyosukumwa nje gari likisimama, na kuanzia hapo mashindano ya biashara yakabadilika. Tela lisilo na chumba cha kusukuma halikuuzika tena kwa urahisi. Kisha vikawa viwili, vitatu, hata vitano katika chombo kimoja, pamoja na meko ya umeme, viti vya kuegemea na kisiwa cha jikoni. Sikatai raha hiyo, kwa kuwa watu wengi huishi humo mwaka mzima na ni haki yao kunyosha miguu. Lakini kila chumba cha kusukuma ni tundu kubwa lililokatwa katika ukuta uliokuwa ukibeba mzigo, ni mpira mwingine wa kuzuia maji, ni mota nyingine, na ni ratili mamia kadhaa zilizowekwa juu ya ekseli na tairi ambazo mara nyingi hazikuongezwa nguvu kwa kiasi hichohicho.

Serikali haikuwa mbali na mambo haya, ila ilisimama upande mmoja tu. Nyumba za matela za kukaa mahali pamoja zilitungiwa kanuni ya taifa iliyoanza kutumika tarehe 15 Juni 1976, lakini magari ya safari yaliachwa nje yake, kwa kuwa kisheria hayakuhesabiwa nyumba. Muhuri wa shirika la watengenezaji wanaoubandika mlangoni hushuhudia mabomba, umeme, gesi na kinga ya moto. Haushuhudii kwamba ukuta utadumu wala kwamba paa halitavuja, na mnunuzi anayeuchukua kuwa cheti cha ustadi anajidanganya kwa hasara yake. Gharama ya pengo hilo ilidhihirika baada ya tufani ya Katrina, mwaka 2005, serikali ya Marekani ilipowapa hifadhi watu waliopoteza nyumba zao kwa kuwanunulia matela zaidi ya laki moja. Wakazi wakaanza kulalamika macho kuwawasha, vichwa kuuma na kifua kubana. Wataalamu wa afya wa serikali walipopima matela 519 mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, walikuta mvuke wa fomaldehaidi uliotoka katika mbao za kubanwa na gundi zake, wastani wa sehemu 77 katika kila sehemu bilioni moja za hewa, kiasi kilichozidi kile cha nyumba za kawaida. Waliokuwa wamepoteza kila kitu kwa maji wakawa wanaugua kwa kuta zilizowasitiri, na jambo hili lanitia uchungu kila nilikumbukapo. Sheria ya kupunguza mvuke huo katika mbao za kubanwa ilipitishwa mwaka 2010.

Wenye mali nao wamepungua huku majina yakizidi. Thor ilianzishwa mwaka 1980 kwa kuinunua Airstream, kisha ikainunua Keystone mwaka 2001, Heartland mwaka 2010 na Jayco mwaka 2016; Forest River, iliyoanza 1996, ilinunuliwa na Berkshire Hathaway mwaka 2005; Grand Design ilichukuliwa na Winnebago mwaka 2016. Chesisi za wengi wao hutoka kwa muuzaji mmoja, Lippert, na hali kadhalika ngazi, miguu ya kuinulia na mitambo ya vyumba vya kusukuma. Kwa hiyo mtu anayeyaona matela kumi yenye majina kumi katika uwanja mmoja wa muuzaji yamkini anayaona mawazo mawili au matatu tu yaliyopakwa rangi mbalimbali. Walio nje ya mkondo huo wapo bado: huko Backus, Minnesota, kampuni ya Scamp hutengeneza tela dogo la shingo la futi 19 ambalo mwili wake ni maganda ya faibaglasi yaliyomiminwa katika kalibu na kuunganishwa, bila maungio mengi ya kuvuja, lina nafasi ndogo, halina vyumba vya kusukuma, na matela ya kampuni hiyo yaliyokwisha kuzeeka hununuliwa upesi na watu wanaojua wanachokitafuta.

Mwaka 2021, wakati maradhi ya Korona yalipowafanya Wamarekani watamani safari zisizo na mahoteli, viwanda vilitoa magari ya safari yapatayo laki sita, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa, na vyombo vingi vikatoka haraka kuliko ilivyofaa. Dhamana za watengenezaji aghalabu ni za mwaka mmoja, na sheria za majimbo zinazomlinda mnunuzi wa motokaa mbovu mara nyingi haziigusi sehemu ya makazi ya tela. Ndipo ikastawi kazi ya mkaguzi wa kujitegemea, ambaye mnunuzi humlipa kabla ya kulipa bei: hupanda juu ya paa, huupima unyevu wa kuta kwa chombo cha umeme, huisikiliza gesi katika mabomba, husoma tarehe iliyochapwa ubavuni mwa tairi, kisha hulala chali chini ya shingo akiwa na taa, akayatazama maungio ya chuma moja baada ya jingine, na bei haizungumzwi mpaka atoke huko.